Tulipanda miche, vikaota visiki

Kuna picha iko kwenye simu yangu ya zamani, nimeshika mche wa mjohoro kama mtu aliyekabidhiwa kombe, tishirti ya kijani imeandikwa mgongoni Mti Wangu Chuo Changu, pembeni yangu mgeni rasmi amevaa glavu nyeupe ambazo hazijagusa udongo hata kidogo. Ilikuwa Aprili 1, 2019, Siku ya Kitaifa ya Kupanda Miti. Ule mche mara ya mwisho nliuona mwezi wa saba ukiwa na majani matatu, niliporudi kutoka field, yale mafunzo ya vitendo, ulikuwa kijiti tu, na kijiti chenyewe kuna mtu alishakifunga kamba anaanikia soksi.

Chuo sitakitaja, Dodoma vyuo viko vingi na watu wake bado nawaheshimu. Mimi nlikuwa nasoma takwimu, mambo ya miti sikuyajua wala sikuyataka, niliingia klabu ya mazingira mwaka wa kwanza kwa sababu mwenzangu wa chumba alinidanganya kwamba wana safari nyingi. Wakati ule mji mzima ulikuwa unaimba miti, kampeni ya Kijanisha Dodoma ilizinduliwa Desemba 2017 na Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais, serikali ndo inahamia, kila ofisi inataka kupiga picha na mche na sisi tukataka yetu. Tukaomba miche 500, mijohoro, miarobaini na mikrismasi kidogo, tukachangishana pindi bumu, yaani pesa ya mkopo, lilivyotoka, tukachapisha tishirti 200, tukakodi mahema na spika, tukanunua na maji ya chupa ya wageni. Juzi nimeifungua ile bajeti, bado iko kwenye imeili yangu. Ina mstari wa vitafunwa vya meza kuu. Mstari wa maji ya kumwagilia miti haupo. Na aliyeichapa ile bajeti ni mimi.

Halafu tarehe yenyewe. Aprili 1 ukiwa Tanga au Moshi au hata Dar ni sawa kabisa, masika ndo inakolea, unachomeka mche na Mungu anakusaidia. Dodoma mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba hapo na Aprili inaaga, na kwa mwaka mzima hazifiki hata milimita 600 mara nyingi. Yaani sisi tulipanda miti siku ambayo mawingu yanafungasha. Mwezi wa tano upepo umeanza, wa saba tunamaliza UE, mitihani ya mwisho, na kutawanyika kwenda field, wanafunzi hawapo mpaka Oktoba au Novemba, na hiyo ndo miezi mikali kuliko yote, hata mbwa wa kafe wanahama. Nani amwagilie? Wahudumu wa bustani wana boza moja na ile boza ina kazi ya maua ya jengo la utawala.

Novemba nikarudi nikaamua kuhesabu, mtu wa takwimu hana dogo. Nilizunguka siku mbili na daftari. Miche iliyo hai 41. Kati ya hiyo 41, 29 ilikuwa imejipanga sehemu moja nyuma ya hosteli ya wavulana, nikadhani labda wale jamaa wana roho nzuri wanamwagilia usiku, kumbe kuna bomba la maji ya bafuni lilipasuka zamani na hakuna aliyelitengeneza. Kwa hiyo kazi yote ya klabu, mahema, mgeni rasmi na hotuba, ukiondoa bomba bovu tumeokoa miti 12.

Nilivyosoma hizo namba kwenye kikao cha klabu, mwenyekiti alisema basi mwaka huu tupande 1,000. Sitanii, ndivyo alivyosema. Na watu wakapiga makofi. Na simlaumu sana maana nchi nzima tunahesabu hivyo, halmashauri zimepewa lengo la miti milioni 1.5 kila moja kila mwaka na kinachotangazwa kwenye redio ni iliyopandwa, iliyopona ni habari nyingine.

Ile 1,000 haikupandwa, korona ikatuokoa. Machi 2020 vyuo vikafungwa, tukafungashwa ndani ya siku mbili, mimi nikarudi nyumbani Shinyanga. Tuliporudi Juni 1 nakumbuka nimeshuka na begi langu, naelekea hosteli kwa ile njia ya mkato ya nyuma, nikasimama. Njia haipo. Lile eneo ambalo tangu nifike lilikuwa kama kiwanja cha mpira kilichosahaulika, udongo mwekundu na vinyasi, limekuwa kijani mpaka kiunoni, na siyo nyasi tu, kuna miti midogo, mingi, imesimama makundi makundi kama watoto wa shule ya msingi. Hakuna aliyepanda hata mmoja.

Maelezo ni marahisi mpaka yanakera. Kila mwaka mvua ikishika, esteti, wale wanaosimamia majengo na viwanja vya chuo, wanaleta vibarua wa kufyeka, wanafyeka kila kitu mpaka chini, na katika kila kitu kuna machipukizi ya migunga na mingine ambayo mashina yake yalikatwa miaka mingi huko nyuma, kabla hata chuo hakijajengwa, lakini mizizi bado iko hai chini na kila mvua inajaribu tena, na kila mwaka tunaikata tena. Mwaka huo vibarua hawakuja kwa sababu chuo kimefungwa na ile mvua ya 2019/20 kila mtu anaikumbuka ilivyokuwa. Miezi mitatu tu ya kuachwa.

Alienifungua macho vizuri ni mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuwa anachunga mbuzi pale, tangu mababu zake wanachunga pale, chuo ndo kilimkuta. Nikamsalimia shikamoo babu, akaitikia, akaniangalia na ile tishirti yangu akacheka. Akasema nyie wajukuu zangu mlinichekesha sana mwaka ule, mnachimba shimo, chini ya shimo kuna mgunga, mnamkata mizizi halafu juu yake mnamweka mgeni, halafu mgeni anakufa na mwenyeji mmeshamuumiza. Nikabaki sina la kujibu. Akanionyesha kisiki kilichokuwa ukubwa wa sahani, akasema huyu nilimkalia kivuli chake nikiwa sijaoa.

Mambo haya yana jina na wala siyo siri, Dodoma wanaita Kisiki Hai. LEAD Foundation pale Mpwapwa na wenzao Justdiggit wa Uholanzi wanafundisha vijiji vingi tu, na asili yake ni Niger kule Afrika Magharibi, miaka ya 80 Muaustralia mmoja Tony Rinaudo alikuwa anahangaika na miche inayokufa kama yetu, siku amesimamisha gari porini akaangalia vizuri vile vichaka akagundua ni miti iliyokatwa inayojaribu kurudi. Leo Niger wanazungumzia hekta kama milioni 5. Klabu tulikodi Kosta tukaenda Kongwa, Pembamoto, kuona yale makinga maji, mashimo ya nusu duara kama tabasamu yaliyochimbwa kwenye ardhi iliyokufa ili maji ya mvua yasikimbie. Hiyo ndo safari pekee ya klabu niliyowahi kuiona, mwenzangu wa chumba alikuwa mkweli kwa mara moja. Tukafundishwa: kisiki kina machipukizi ishirini yanagombania, unachagua mawili matatu yaliyonyooka yenye nguvu, mengine unakata, unapogoa matawi ya chini, unafunga kitambaa ili watu wajue huyu ana mwenyewe, unarudi baada ya miezi kadhaa unarudia. Basi. Hakuna kiriba, hakuna boza. Nilivyopiga hesabu ya gharama ilikuwa bei ya mkasi wa kupogolea na soda.

Tukarudi tukazunguka lile eneo, eka nne hivi kwa kukadiria kwa hatua, tukavipa visiki namba kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye mabango ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Vilifika 212. Na kampeni ikabadilika kutoka Tupande ikawa Msifyeke.

Hapo ndo nlijua tofauti. Ukisema tupande miti kila mtu anakupa mkono, hakuna mtu duniani anaepinga kupanda miti. Ukisema acheni hapo palivyo, msiguse, unakuwa adui. Esteti walisema chuo kinatakiwa kionekane chuo siyo pori. Walinzi wakasema vibaka watajificha. Wanafunzi wenzetu ndo walikuwa wakali zaidi, hasa wadada wa hosteli mbili zilizo karibu, na niseme ukweli hofu yao ilikuwa halali, mimi mwenyewe usiku wa kutoka maktaba nlikuwa napita pale nasoma Zaburi. Halafu wiki ya pili akauawa nyoka mdogo kwenye baraza la bloku moja, grupu la wasapu likalipuka, mtu kaweka picha ya yule nyoka pembeni ya rula, mwingine akaandika hongereni watu wa mazingira mnatufugia. Tulikaa siku tatu hatujibu. Baadae tukakaa nao chini kwa heshima, tukakubaliana mita tano kuzunguka hosteli pafyekwe kabisa, njia ya maktaba ipanuliwe na taa mbili ziwekwe, na ile ya taa ndo iliyotupatia saini nyingi kuliko kitu kingine chochote, watu walikuwa wanadai taa tangu enzi na enzi, sisi tukaziunganisha na visiki.

Kikao na utawala nacho nikisimulie kidogo. Tulikuwa watano, tumevaa vizuri, tuna ripoti. Jamaa yetu mmoja msomaji sana wa historia akaanza kuelezea Karura ya Nairobi, kwamba serikali ya Moi iligawa msitu kwa matajiri wajenge, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akaenda kupanda miti pale Januari 1999 akapigwa na walinzi mpaka akapasuka kichwa, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta wakaingia barabarani siku kadhaa, mabomu ya machozi, na mwezi wa nane mwaka huo huo Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Alikuwa anaeleza kwa nia njema kabisa kwamba wanafunzi wana historia na miti. Mimi naangalia sura ya mkubwa aliyekaa mbele yetu inavyobadilika. Akauliza taratibu, kwa hiyo mnataka kuandamana? Tukasema hapana mzee, hapana, hapana kabisa. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mpaka leo sijui kama tulipewa ule mwaka mmoja wa majaribio kwa sababu ya ripoti yangu yenye grafu au kwa sababu ya Karura.

Mwaka mmoja, tuone. Tukashangilia, na kwa furaha ile tukafanya kosa letu kubwa kuliko la bajeti.

Tuliwafukuza mbuzi. Kwenye akili yetu mbuzi ndo adui wa chipukizi, na ni kweli mbuzi anakula chipukizi, kwa hiyo tukaweka zamu, ukiona mbuzi unapiga kelele. Yule mzee alikuja kunitafuta mwenyewe. Hakugomba. Aliniuliza kama na sisi tunataka kufanya kama Kondoa. Sikujua anaongelea nini, ikabidi anieleze, na baadae nikasoma: kulikuwa na mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na Kondoa mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo ya kutisha, basi mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256, karibu mifugo 90,000. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi, ukienda leo utaona. Lakini mzee alikuwa na ndugu kule na alichokikumbuka yeye ni ng'ombe wakiswagwa, watu wanalia, wengine wamehama na mifugo yao wasirudi. Akasema miti ilirudi, mjomba wangu hakurudi. Mimi nikamwambia babu huu ni mwaka mmoja tu. Nilijisikia vibaya ila sikubadilisha kitu.

Mbuzi wakaondoka, nyasi zikabaki. Hakuna wa kuzila, hakuna wa kuzifyeka, Agosti zimekauka zimekuwa kama makuti. Oktoba mimi niko field Mwanza napokea picha kwenye simu, moshi, halafu nyeusi tupu. Moto ulitoka kwenye mashamba, watu wanasafisha kabla ya mvua, ukaruka. Walinzi na wanakijiji ndo walioudhibiti usifike hosteli, na waliniambia yule mzee alikuwemo na tawi lake anapiga moto. Karibu nusu ya visiki vyangu vyenye namba viliungua. Kwenye grupu mtu akaandika pori limejifyeka lenyewe. Nilizima data.

Nilipiga simu nyumbani kulalamika, akapokea babu. Kwetu Shinyanga babu ana ngitili, na mimi nimekulia pembeni ya ile ngitili, nimeokota kuni mle, nimechuma uyoga mle, na muda wote huo naongea habari za urejeshaji kwenye vikao haikuwahi kunijia akilini hata siku moja. Ngitili ni eneo mnalifunga mvua ikianza, nyasi na miti vinapumua, halafu kiangazi kikikaza mnafungua mifugo inaingia kula. Wasukuma wamefanya hivyo zamani na zamani. Wakati wa mkoloni misitu ilikatwa kisa mbung'o, pamba ikaja, watu wakahamishwa, mpaka ikafika watu wanaita Jangwa la Shinyanga, na 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kilichofanya kazi kuliko miche ya vitaluni ni kuwarudisha watu kwenye ngitili zao, hekta zaidi ya 300,000 zikarudi mpaka mradi unaisha 2004. Babu alinisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja. Mbuzi mlifunga mpaka lini? Nikasema tulifunga moja kwa moja. Akacheka sana. Akasema nyasi usipompa mbuzi utampa moto.

Mvua ya Desemba ikanyesha, visiki vilivyoungua vikachipua, siyo vyote lakini vingi, hiyo kitu ilinipa nguvu ya ajabu. Safari hii hatukuanza na utawala, tulianza kwa mzee. Tukaenda wawili na kilo mbili za sukari, mke wake akatupa ugali wa uwele na mlenda, tukaomba radhi kwanza. Alitusikiliza akasema ngitili ni jina la kwenu ila jambo analijua. Makubaliano tuliyoyafikisha esteti yalikuwa ukurasa mmoja: Desemba mpaka Julai pamefungwa, hakuna mbuzi hakuna panga. Agosti mbuzi wanaingia kula nyasi, kila kisiki kilichochaguliwa kimezungushiwa miiba. Kinamama wanaokuja kuokota kuni wanachukua yale machipukizi tunayopunguza, sisi wenyewe tunawakatia. Barabara ya moto upande wa mashamba inalimwa Julai kabla wanafunzi hawajaondoka. Esteti walisaini haraka mno mpaka nikashtuka, nikaja kuelewa kwamba bajeti ya vibarua wa kufyeka eka nne imebaki mfukoni mwao. Hoja yetu kali kuliko zote tulikuwa nayo tangu mwanzo na hatukuwahi kuitumia.

Agosti 2021 mbuzi waliingia. Oktoba mashamba yaliwaka kama kawaida, huku hakukuwaka kitu. Desemba nikagraduate, joho lilikodishwa, siku ya mahafali nikaenda kupiga picha kwenye kisiki namba 17 ambacho kilikuwa kinanifika begani, mama anauliza mbona huendi kupiga kwenye maua kama wenzio.

Februari mwaka huu nilipita Dodoma kikazi nikachepuka nusu saa. Mzee alishafariki, mbuzi anachunga mjukuu wake wa kiume. Klabu bado ina tishirti, rangi ya chungwa sasa hivi. Namba 17 imenipita urefu karibu mara mbili, ile rangi nyekundu haionekani tena labda uikwangue, ina kiota cha ndege wale wa njano na chini yake kuna kivuli cha kutosha watu wawili, na kweli walikuwepo wawili wanasoma madesa, au wanajifanya. Nikataka niguse shina. Nikaacha njia, nikapiga hatua kama tatu kwenye nyasi ndefu, yule binti akanyanyua kichwa, mwaka wa kwanza yule, hata lanyadi bado mpya.

"Dada samahani, pamefungwa mpaka Julai. Njia ni ile pale."

Nikasema pole mdogo wangu, nikarudi njiani.